Nusu ya Nyumba Njema: Jinsi Mji wa Iquique Ulivyowajengea Wanyonge Bila ya Kuwafukuza

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumika zaidi katika kuwapima watu, lakini leo tutaichukua kwa maana yake ya wazi. Katika miji yetu ya Pwani, suala la nyumba ndilo linaloamua mambo mengi ya familia: watoto watasoma wapi, mama atauzia wapi mahamri yake ya asubuhi, mzee akiugua atauguzwa na nani, na mwisho wa mwezi kitabaki nini baada ya kulipa kodi. Ardhi ya mjini ni haba, na bei yake hupanda kila uchao. Kisiwa chote cha Mombasa hakizidi kilomita za mraba 15 hivi, na kisiwa hakipanuki kwa sababu watu wameongezeka.

Kila unapotajwa mradi wa nyumba za umma, wanyonge huwekewa njia mbili. Ama wahamishwe nje ya mji ambako ardhi ni rahisi, ama wapandishwe kwenye maghorofa yenye vyumba vidogo ambavyo havitaongezeka milele. Je, hakuna njia ya tatu? Mwaka 2004, katika mji wa bandari wa Iquique, kaskazini mwa nchi ya Chile, ulikamilika mtaa mdogo uliojaribu kulijibu swali hilo. Jibu lenyewe lina kasoro zake, na tutazieleza. Hata hivyo lina mafunzo ambayo familia za Pwani zitayafahamu upesi, kwa kuwa kiini chake si kigeni kwetu.

Shamba lililomezwa na mji

Iquique uko ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilomita 1,500 kaskazini mwa Santiago, mji mkuu wa Chile. Mbele yake ni bahari, nyuma yake ni jangwa la Atacama, ambako mvua ni jambo la nadra mno. Katika karne ya 19 mji huu ulitajirika kwa biashara ya naitreti, madini yaliyochimbwa jangwani na kupakiwa merikebuni kwenda ng'ambo kutengenezewa mbolea. Kama ilivyo miji mingi ya bandari, kazi ziliwavuta watu, na watu wakahitaji mahali pa kulala.

Katikati ya mji huo palikuwa na kiwanja kiitwacho Quinta Monroy. Neno "quinta" kwa Kihispania ni shamba lenye nyumba, na jina hilo latosha kueleza historia ya mahali. Hapo zamani palikuwa shamba pembeni mwa mji, kisha mji ukakua na kulizunguka. Kwa muda wa miaka 30 hivi, familia zipatazo 100 zilikuwa zimejijengea vibanda hapo bila ya hati, juu ya nusu hekta tu ya ardhi, yaani mita za mraba 5,000. Eneo hilo ni dogo kuliko uwanja mmoja wa mpira. Vibanda vilibanana, vichochoro vilipindapinda, na vyumba vingi havikupata mwanga wala hewa.

Lakini kiwanja kile kilikuwa na hazina moja ambayo fedha kidogo haziwezi kuinunua: kilikuwa mjini. Kazi, shule, hospitali na masoko yalikuwa karibu. Maskini wengi wa Iquique walikuwa wameishia Alto Hospicio, makazi yaliyo juu ya uwanda wa jangwa nje ya mji, na wakazi wa Quinta Monroy waliogopa kuwa wao ndio watakaofuata. Khofu yao ilikuwa na msingi. Kwa mwenye kipato kidogo, nauli ya kila siku ni kodi ya pili. Mama anayefua nguo za watu au kupika chakula cha kuuza hawezi kuihamisha biashara yake jangwani, kwa sababu wateja wake hawatahama pamoja naye.

Hesabu isiyolingana

Mwaka 2003 kazi ya kuwajengea wakazi hao ilikuwa mikononi mwa kundi la wasanifu majengo liitwalo Elemental, likiongozwa na Alejandro Aravena. Masharti ya serikali yalikuwa magumu. Kila familia ilitengewa dola 7,500 za Kimarekani, na fedha hizo hizo ndizo zinunue ardhi, zilaze mabomba ya maji safi na maji taka, na zijenge nyumba. Ardhi ya Quinta Monroy ilikuwa ghali mara tatu kuliko ile ambayo miradi ya nyumba za umma ilizoea kununua. Ndiyo maana miradi kama hiyo hupelekwa mbali: si kwamba mjini hapafai, bali hesabu ya siku ya kwanza hukataa.

Wasanifu walijaribu njia zote za kawaida. Walipoweka kila nyumba peke yake juu ya kiwanja chake, zilienea familia 30 tu. Walipozipanga nyumba kwa safu, ukuta kwa ukuta, zilienea kama 60, lakini ikaonekana kuwa kila chumba kitakachoongezwa kitaziba mwanga na hewa ya chumba cha zamani. Ikabaki njia ya jengo refu la maghorofa, ambalo lingezimeza familia zote. Hapo wakazi wenyewe walisimama kidete. Walikataa katakata, hata wakatishia kugoma kula iwapo watapewa vyumba vya ghorofani, kwa hoja moja kubwa: chumba cha ghorofani hakiongezeki.

Hoja hiyo si ya ukaidi. Familia ni kitu kinachokua. Leo ni mume na mke, kesho wana watoto watatu, keshokutwa binti ameolewa, mama mkwe amefiwa na mumewe na hana pa kwenda ila kwa mwanawe. Nyumba isiyokua huwagawa watu wa nyumba hiyo: huyu akalale kwa shangazi, yule apangishiwe chumba mtaa wa pili. Mwisho wake familia hulipa kodi mara mbili na kuonana kwa nadra.

Nusu ipi ijengwe?

Wasanifu wakaligeuza swali. Familia ya kipato cha wastani, walisema, huishi vizuri katika nyumba ya mita za mraba 80 hivi. Fedha zilizopo zinatosha 40 tu. Desturi ni kuichukua nyumba njema na kuifinya mpaka iwe ya mita 40: sebule ndogo, jiko dogo, kila kitu kidogo. Wao waliamua kuitazama mita 40 kuwa ni nusu ya nyumba njema, wala si nyumba nzima iliyo duni. Likabaki swali moja: serikali ijenge nusu ipi?

Jibu lilikuwa jepesi kulieleza. Serikali ijenge nusu ile ambayo familia peke yake haiwezi kuijenga vyema. Kwanza, ardhi halali katikati ya mji. Pili, msingi na muundo imara. Tatu, ukuta wa kumtenga jirani na jirani ili moto na sauti visipite. Nne, ngazi. Tano, jiko, bafu na choo pamoja na mabomba yake yote. Vyumba vya kulala na sebule ya kupanuka vitaongezwa na wenyewe, kwa fundi wao na kwa kadiri ya mfuko wao, kwani kazi hiyo walikuwa wameshaizoea walipokuwa vibandani.

Umbo la majengo lilifuata fikra hiyo. Chini palijengwa nyumba moja iliyoshika ardhi, yenye nafasi ya kupanuka ubavuni na nyuma. Juu yake ikawekwa nyumba ya pili ya orofa mbili, yenye ngazi yake ya nje, na pembeni yake likaachwa pengo lililo wazi kati yake na nyumba inayofuata. Kwa hiyo mtaa ulipokamilika ulionekana kama safu ya meno yenye mapengo. Nyumba ya chini ilianza na mita za mraba 36 na iliweza kufikia 70. Ya juu ilianza na 25 na iliweza kufikia 72. Chile ni nchi ya matetemeko ya ardhi, na kwa sababu hiyo muundo ulipigiwa hesabu tangu mwanzo ubebe nyumba iliyokwisha kupanuliwa. Hapakuwa na lifti ya kutengenezwa, wala ukumbi wa ndani wa pamoja ambao kila mmoja angesubiri mwenziwe aufagie.

Nyumba 93 zilizojengwa zilizunguka nyua nne, kila ua ukizihudumia familia kama 20. Jambo hili laonekana dogo, kumbe lina uzito. Familia 100 zikichangia uwanja mmoja, uwanja huo huwa si wa mtu. Familia 20 hufahamiana. Mtoto wa jirani hujulikana kwa jina, mgeni hutambulikana, na taka haikosi wa kuuliza imetupwa na nani.

Wakazi waliulizwa na wakasikilizwa. Katika vikao vyao na wasanifu palizuka suala la bafu. Fedha zilitosha kitu kimoja tu, ama mtambo wa kupasha maji moto ama hodhi la kuogea. Wakubwa wa ofisini huchagua mtambo, kwa kuwa hodhi huonekana ni anasa. Wakazi walichagua hodhi. Sababu yao ilikuwa ya watu wanaojua hesabu za nyumbani: mwezi wa kwanza baada ya kuhamia hakuna mtu atakayekuwa na fedha za gesi, hivyo mtambo utakaa bure au utauzwa, ilhali hodhi litatumika tangu siku ya kwanza. Mwenye jiko ndiye ajuaye bei ya mkaa.

Jambo jingine litawapendeza wasomaji wetu. Mpango wa serikali ya Chile ulioutumia mradi huu ulikuwa wa nyumba zisizo na deni. Familia ilitoa akiba yake ndogo, serikali ikatoa ruzuku, na baada ya kukabidhiwa funguo hapakuwa na mkopo wa kulipwa kwa miaka 20 wala riba ya kuukuza.

Baada ya kukabidhiwa funguo

Ujenzi wa nusu ya pili ulianza karibu papo hapo. Mapengo yalizibwa kwa mbao, kwa matofali na kwa kila aina ya rangi. Mmoja alijenga chumba cha wanawe, mwingine akatengeneza mahali pa kazi yake. Wasanifu wenyewe walieleza baadaye kuwa thamani ya kila nyumba ilivuka dola 20,000. Jambo hilo lafaa lizingatiwe. Nyumba nyingi za umma hupoteza thamani mwaka baada ya mwaka, mithili ya gari. Nyumba iliyo mahali pazuri na inayoweza kukua huongeza thamani, na kwa maskini hiyo ndiyo rasilimali ya kwanza ya kuwaachia warithi.

Mwaka 2016 Aravena alitunukiwa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo heshima kuu ya wasanifu majengo duniani. Mwaka huo huo Elemental ilitoa bure michoro ya miradi yake minne ya nyumba za gharama nafuu, ukiwemo huu wa Quinta Monroy, ili kila mji unaotaka kuitumia uitumie.

Lakini haki yataka tueleze na upande wa pili. Baadhi ya wakazi walijenga kupita mipaka waliyowekewa, wakazifinya nyua au kuziba madirisha yao wenyewe. Ubora wa nusu ya pili ulitegemea mfuko wa kila mtu: mwenye kipato alijenga upesi na vizuri, mjane asiye na wa kumsaidia alisubiri. Wapo pia wanaouliza, na swali lao ni la haki, iwapo fikra ya nusu nyumba haiwezi kuwa kisingizio cha serikali kutimiza nusu ya wajibu wake. Jibu la pingamizi hizo ni kuwa nusu ya kwanza lazima iwe ile ngumu na ya ghali, na kwamba serikali isitoweke baada ya kugawa funguo. Fundi wa kushauri, kanuni chache zilizo wazi kuhusu mwanga na hewa, na msaada kwa wasiojiweza ni sehemu ya mradi.

Si jambo geni Pwani

Nyumba inayokua pamoja na familia ni urithi wetu. Katika mji wa kale wa Lamu, baba alipojaliwa uwezo aliongeza orofa juu ya nyumba yake ili bintiye apate pa kukaa atakapoolewa. Palipokosekana nafasi, chumba kilijengwa juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili, nacho ni wikio, na wapita njia wakapata kivuli bure. Watu wa Lamu walijenga kwa kubanana na kwa kupanda juu kabla ya wataalamu wa leo kuyapa mambo hayo majina.

Majengo ya Mombasa nako kuna historia yake. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, ilijengwa kidogo kidogo. Mwenye nyumba alikaa vyumba viwili, vingine akapangisha, na kodi ya wapangaji ikawa riziki ya wajane wengi. Ila nyumba hizo zilikuwa na dosari moja kubwa, nayo ni kujengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Ndiyo hiyo tuiitayo nyumba bila ardhi. Mtu humiliki kuta na paa, lakini udongo ulio chini hulipiwa, na siku mwenye ardhi akitaka chake, jasho la vizazi viwili huondoka.

Tukizilinganisha hali hizi, funzo la Iquique linakuwa wazi. Wa Majengo alikuwa na nafasi ya kukua, akakosa ardhi. Anayepewa chumba cha ghorofani hupata hati, akakosa nafasi ya kukua. Quinta Monroy ilijaribu kuvipatanisha viwili hivyo juu ya nusu hekta, bila ya jengo refu na bila ya kumfukuza mtu mjini.

Haifai kuiga kwa kufumba macho. Iquique haina mvua, sisi tuna masika. Pengo lililoachwa wazi huko halidhuru kitu, huku litaingiza maji likaozesha ukuta. Nyumba ya Pwani inahitaji paa lenye vipenu virefu, madirisha yanayotazamana ili upepo wa kaskazi na wa kusi upite, na kuta zisizopitisha joto la mchana. Inahitaji tangi au birika la kuvunia maji ya mvua, kwani shida ya maji Mombasa haimhitaji msimulizi. Na inahitaji stara: mlango usiomulikwa na mlango wa jirani, ua ambao mama anaweza kuanika na kupika bila ya kutazamwa kutoka madirisha ya juu, na nafasi ya kumpokea mgeni bila ya watu wa nyumbani kubanwa chumbani.

Huo ndio uendelevu kwa lugha ya nyumbani. Si vioo vya sola juu ya paa pekee. Nyumba endelevu ni ile isiyodai feni mchana kutwa, isiyomlazimisha mwenyewe kupanda matatu mbili kwenda kazini, na isiyobomolewa kila kizazi kwa sababu haikumfaa aliyekaa ndani yake.

Maswali ya kuulizwa mapema

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na yanayofikika. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Maana yake ni kuwa nyumba hizi si sadaka ya mtu. Ni fedha za wananchi, na mwananchi ana haki ya kuuliza. Nayo mitaa ya zamani ya umma mjini Mombasa, kama Buxton, Tudor, Mzizima na Khadija, ilijengwa katika ardhi ya thamani, ndani ya mji au karibu nao. Lolote linaloamuliwa juu ya mitaa ya aina hiyo huamua ni nani atakayebaki mjini.

Kwa hivyo panapoitwa mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi, kina mama wasiwaachie wanaume peke yao, kwani wao ndio wanaokaa na nyumba saa nyingi zaidi. Yafaa waulize:

Wanaokaa hapa sasa, je, watarudi wote, na kwa bei ipi iliyoandikwa?

Wakati wa ujenzi watakaa wapi, na nani atalipa kodi yao?

Nyumba hizi zinaweza kuongezwa, au familia itakayokua itatakiwa kuhama?

Baada ya mnunuzi kupewa funguo, atalipa kiasi gani kila mwezi kwa lifti, maji na ulinzi?

Malipo ni ya mkopo wa riba peke yake, au kuna njia ya ijara au musharaka kwa Muislamu asiyetaka riba?

Jiko liko wapi, upepo unapita wapi, na nani anamuona nani kutoka dirishani?

Maswali kama haya hugharimu muda wa alasiri moja yakiulizwa kabla ya msingi kuchimbwa. Yakiulizwa baada ya zege kukauka, jibu lake ni nyundo. Wakazi wa Quinta Monroy hawakuwa na fedha wala vyeo. Walijua tu ni kitu gani hawakuweza kuishi bila ya nacho, wakakisema mapema na kwa sauti moja, na wakapata wa kuwasikiliza.